Nilivyomwacha Baba Mkwe Ndani ya Gari

Leo nimevuliwa nguo mbele ya kijiji kizima. Nguo za heshima, nasema. (Suruali nayo imechanika, lakini hiyo itashonwa.)

Baba mkwe wangu, Mzee Marwa, juzi alifanyiwa upasuaji wa jicho mjini Tarime. Leo karuhusiwa. Mke wangu Bhoke akaniambia nikamchukue, nimlete kwetu Kemambo apumzike. Akanishika mkono mlangoni.

"Daktari amesema asirushwerushwe. Endesha taratibu."

"Baba yako ni baba yangu," nikamjibu. (Nilisema hivyo. Kwa mdomo huuhuu.)

Sasa, kigari changu kina ugonjwa wake. Waya unaotoka kwenye pedeli ya mafuta umeanza kukatika nyuzi. Fundi aliniambia wiki iliyopita, "Huu siku moja utanata." Nikaupaka oili, nikaona nimetibu. Jeuri ya mtu aliyemiliki gari miezi minne tu!

Nikamkuta mzee amekaa kwenye benchi, jicho moja limefungwa bandeji, na lile lingine halioni mbali.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mura. Hili gari lako linapanda mlima?" (Mura, kwa Kikurya, ni kijana aliyekwisha kutahiriwa, mwanamume kamili.)

"Baba! Hili linapanda kila kitu."

Tumebakiza kidogo kufika, kuna kamlima. Nikakanyaga mafuta mpaka chini, mzee ajue binti yake hakuolewa na mtu wa mchezo. Tukapanda kwa kishindo. Tukafika juu, nikainua mguu. Pedeli ikabaki chini. Nikaichokoa kwa ncha ya kiatu. Imelala! Injini inalia kama mbuzi anayechinjwa, na mbele ng'ombe wamejaa barabara nzima, wanapelekwa kunywa maji. Nikakanyaga breki kwa miguu miwili. Gari likapunguza mwendo, halikusimama. Harufu ya kuungua ikajaa ndani.

(Najua. Kuna gia huru. Kuna ufunguo. Sasa hivi nimekaa, nimetulia, najua kila kitu.)

Nikakata kushoto, nikaingia uwanja wa mpira. Na leo, kati ya siku zote, mtendaji wa kijiji alikuwa na mkutano pale pembeni. Mzunguko wa kwanza, watu wakanipungia mkono. Wa pili, wakanyanyuka na viti vyao. Wa tatu, kipaza sauti kikaita: "Wananchi, kaeni mbali na hilo gari! Mama mwenye mtoto, rudi nyuma!"

"Mura," mzee akauliza, ametulia kabisa, "tumefika?"

Hapo breki ikaacha kushika. Nikaikanyaga, ikazama kama mguu kwenye tope. Nikaona mlingoti wa goli unanijia. Na mimi, mume wa Bhoke, baba wa watoto wawili, nikafungua mlango nikaruka.

Peke yangu.

Sikuamua, nawaapia. Mkono ulifungua wenyewe. Nikabingirika hadi kwenye shamba la mihogo. Nilipoinua kichwa, gari lilikuwa linakwenda na mzee ndani yake, ile bandeji nyeupe inaonekana dirishani. Nikaita "Baba!" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwangu.

Mara injini ikazimika. Gari likajivuta, likasimama katikati ya milingoti miwili. Kimya. Kisha umati mzima: "Goliii!"

Mzee akapapasa mlango, akashuka, ufunguo mkononi. Watu wakamkimbilia, wakamkalisha kwenye kiti cha mtendaji. Jicho halikudhurika. (Mshukuruni Mungu kwa niaba yangu, mimi leo namwonea aibu.)

"Dereva yuko wapi?" mtendaji akauliza. Kwa kipaza sauti!

Mama mmoja akanyoosha kidole kwenye mihogo. "Huyo hapo. Aliteremka mapema."

Nikajitokeza, nimeshika suruali kwa nyuma. "Baba, ulijuaje kuzima?"

"Niliwahi kulimiwa shamba na trekta. Dereva wake akitaka linyamaze, alikuwa anazungusha kifunguo." Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa ya mtu anayetaka kujua tu. "Hivi wewe, mura, ulitahiriwa wapi?"

Mkutano ulivunjika kwa kicheko. Ajenda zote zimeahirishwa.

Tulimalizia safari kwa miguu. Nilitaka kumshika mkono, akanipa mfuko wa dawa badala yake. Nyumbani Bhoke akauliza gari liko wapi. Nikafungua mdomo, mzee akaniwahi.

"Lilikwama," akasema. "Tukalizima."

Tukalizima! Bora angenitukana. Ile "tu" ya mzee imenichoma kuliko kicheko cha kijiji kizima.

Bhoke alikuwa keshapigiwa simu na watu watatu. Alimnawisha baba yake mikono, akamwekea ugali, akamwinamishia bakuli la mboga ili aone vizuri. Ndipo akaniangalia.

"Mkalizima," akasema. "Nyinyi wawili."

Hajaniuliza tena mpaka sasa ninapoandika haya nyuma ya nyumba, njaa inauma na aibu hainiruhusu kuingia ndani.

Wenye magari, nisikilizeni. Ukimpakia baba mkwe na gari likakataa kusimama, mimi sikatazi mtu kuruka. Ila ruka wa pili.