Tumbo la Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni 2025. Kitale.

Kuna jambo linaendelea mjini na mimi nimekuwa wa mwisho kujua. Mimi! Broker wa mahindi, mtu ambaye gunia haliingii Kitale bila yeye kusikia. Kumbe kuna kliniki ya utafiti hapa hapa, na watu wanapeleka choo pale. Asubuhi, ndani ya mkebe wenye kifuniko. Wanapokelewa kwa tabasamu na kuambiwa asante.

Aliyeniambia ni Agneta, mke wangu, kama mtu anayesema sukari imeisha. Mama yake kule Kibabii anaharisha tangu Februari. Alitibiwa kifua kwa antibiotiki nyingi, zikaua wadudu wote wa tumboni, wabaya na wazuri, akabaki mmoja mbishi ambaye dawa hazimwezi. Sasa madaktari wa Bungoma wamemwandikisha kwenye majaribio. Wanachukua choo cha mtu mwenye afya, wanakisafisha, wanakitia kwenye vidonge. Mgonjwa anameza, tumbo linapata wakazi wapya. Kitale wanakusanya, Bungoma wanatibu.

Nikasema huo ni uongo. Akasema si uongo, hata Kipkosgei anatoa tangu Aprili, na wamemsifu sana.

Kipkosgei! Mwanyumba wangu, mume wa Viola, mdogo wake Agneta. Mkulima wa Endebess. Ng'ombe wanene, meno meupe, hana shida na mtu. Watu wasio na shida na mtu mimi nawaangalia kwa makini.

Hakuna anayekusanya kitu bure. Mahindi yakianza kukusanywa kimya kimya, ujue kuna mtu mahali anangoja bei ipande. Na hii nayo ni bidhaa.

Jumanne, 3 Juni

Sikulala vizuri. Nimeona mchezo wote. Bidhaa ya Kipkosgei inaingia tumboni mwa mama mkwe. Mama anapona. Kuanzia hapo ni Kipkosgei hivi, Kipkosgei vile. Kwenye harusi atakaa mbele. Kwenye matanga ataulizwa kwanza. Na mimi niliyemwoa mkubwa nitaonyeshwa benchi la nyuma.

Haiwezekani. Kama kuna mkwe wa kumponya mama, ni mkwe mkubwa. Kesho naenda kliniki.

Jumatano, 4 Juni

Nimeenda. Nesi anaitwa Chelagat, msichana mpole, maswali kama polisi. Kama nimekunywa antibiotiki karibuni. Nikasema dawa mimi sizijui kabisa. (Nikikohoa tu huwa nachukua vile vidonge vya rangi mbili pale dukani, lakini hivyo nanunua pamoja na mkate, sivihesabu kuwa dawa.) Kama natembea nje ya ndoa. Nikaapa. Kama nafurahia maisha. Nikamuuliza kwani hilo linaingiaje kwenye mkebe.

Halafu nikamuuliza langu: bidhaa yangu itamezwa na nani? Akasema hakuna anayejua, kila mkebe unapewa namba. Tena si kila mgonjwa anapata vidonge hivyo. Wengine wanapewa dawa ya kawaida ndani ya vidonge vinavyofanana, na hata nesi anayegawa hajui kipi ni kipi. Nikauliza basi nani anajua. Akasema kompyuta.

Hapo ndipo nilipowashuku kabisa. Watu wazima, wamesoma, wanapeana kitu wasichokijua!

Kutoa mkebe kulikuwa kazi. Tumbo likagoma. Nilikuwa nimekula githeri bakuli mbili makusudi, na bado. Nimekaa mle ndani mpaka mlinzi akabisha hodi kuuliza kama niko hai.

Ijumaa, 6 Juni

Minyoo.

Nesi Chelagat aliniita pembeni, akaninong'oneza. Lakini alininong'oneza akiwa upande wa dirisha, na nje kulikuwa na foleni. Akanipa dawa, akasema si aibu, watu wengi wanayo, nikimaliza nirudi baada ya miezi kadhaa. Akaniambia pia ninawe mikono. Mimi! Baba wa watoto wanne!

Kijana wa bodaboda pale nje akaniuliza, "Niaje mzee, umepita?" Nikamwambia nimepita vizuri sana.

Na Kipkosgei amepitaje? Hapo ndipo nikakumbuka. Ng'ombe wake wanapewa dawa ya minyoo kila mara. Nani atanihakikishia kwamba hajipimii humo humo?

Agneta aliuliza matokeo. Nikamwambia wamejaa, hawahitaji watu tena.

Jumapili, 8 Juni. Kibabii.

Tumekuja kumwona mgonjwa. Mimi nimekaa nje kando ya ghala, kama inavyopasa. Mkwe hamshiki mama mkwe mkono. Haingii chumbani kwake, hali mbele yake, hata njiani akimwona anapita kando. Ndizi nilizoleta amezipokea Matthew, ndugu yake Agneta anayekaa pale nyumbani. Salamu zikaingia na Matthew, zikarudi na Matthew.

Nilimwona kidogo wakimpeleka chooni, akishikwa huku na huku. Nikageuza uso kwa adabu, lakini nilikuwa nimeshaona. Amekwisha. Mama yule aliyekuwa akibeba debe la maji na kuzungumza njia nzima! Nilisikia uchungu, nasema kweli. Vidonge anaanza Jumanne.

Halafu nikasikia wanawake jikoni. Ati Kipkosgei ni mtu wa maana. Ati ametoa mwili wake. Mwili! Uchungu ukaniisha papo hapo.

Matthew alipokuja kukaa nami nikamuuliza swali moja tu. Hivi, ikitokea kwamba kile kidonge kimetoka kwa Kipkosgei, na Kipkosgei ni mkwe, adabu itakuwa wapi? Kumpa mkono hapana, lakini hiki sawa?

Matthew namjua. Ni mtu mwema, ila akisikia jambo lazima alipeleke mahali. Akainuka, akaingia ndani.

Jumanne, 10 Juni. Kitale.

Mama amekataa vidonge.

Matthew amepiga simu. "Harafu Mama amesema hawezi, bana. Amesema tangu Viora aolewe hajamgusa huyo kijana hata kidole, sasa ati ammeze?" Amesema heri aende kaburini na heshima yake. Watafiti wamemweleza habari ya namba. Mama akawauliza kama wanaweza kuapa kwamba si ya mkwe. Wakasema hawawezi kuapa.

Adabu imeshinda. Kipkosgei amerudi mahali pake. Nimekula ugali na kuku, nikaongeza.

Alhamisi, 12 Juni

Mambo si mazuri. Mama hawezi kukaa. Wamemtundikia maji pale pale nyumbani. Daktari amesema nafasi yake kwenye majaribio wanaishikilia mpaka Jumamosi, baada ya hapo mwili utakuwa umechoka mno.

Agneta hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alikuwa anafungasha nguo. Akaniambia mama yake ameomba ile gomesi ya kijani, gauni lake la heshima, ipigwe pasi, iwekwe tayari. Akaniambia Matthew amemwambia swali lilitoka kwa nani. Akasema, "Baba Sally, mama yangu akifa, wewe ndiye utasimama useme alikufa na nini." Akachukua mkoba, akaenda stendi.

Nimekaa na ile gomesi ya kijani kichwani mchana wote. Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia: naogopa sana.

Nikampigia Matthew, nikamwambia nimechunguza, choo chote kinatoka kwa Wazungu, kinakuja na ndege. Matthew akaenda kuwauliza watafiti. Wakamwambia hapana, watoaji wote ni watu wa Kitale. Watu gani hawa wanaosema ukweli hata pale ambapo hawajaulizwa na mtu mwenye cheo!

Ijumaa, 13 Juni. Endebess.

Nimebaki na njia moja. Kama wakwe wote wawili hawakufaa, basi choo si cha mkwe. Mimi sikufaa. Bado Kipkosgei.

Nilimkuta akikamua. Nikamweleza yote, isipokuwa ile sehemu yangu, lile swali. Akasema sehemu yangu anaijua, Viola amemwambia. Aliendelea kukamua. Nikamwomba asimame kesho Kibabii aseme kwamba naye alipatikana na minyoo akakataliwa.

Ndoo ikajaa, akaiweka kando. Akasema hiyo kazi ya kutoa aliipenda. Akasema katika maisha yake hajawahi kuchaguliwa kwa jambo lolote, hata shuleni hakuwahi kuwa kiranja, na pale walimpima kila kitu wakasema wewe ndiwe tunayekutaka. Alipita yeye peke yake katika kundi zima. Halafu akaniuliza tuondoke saa ngapi.

Kirahisi hivyo? Mtu anavua sifa yake kama koti? Anataka nini huyu? Nimelala kwake na sijafunga jicho.

Jumamosi, 14 Juni. Kibabii.

Naandika nikiwa kando ya ghala.

Tulisimama nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la mama mkwe, migongo yetu ukutani ili asituone wala tusimwone. Nilidhani tutakuwa sisi na Matthew. Kumbe akina mama wa kanisa wamekuja kuombea mgonjwa, uwanja mzima kitenge! Mchungaji yupo. Majirani wapo. Mtu mmoja ninayemuuzia mahindi pale Webuye, naye yupo.

Mama ameanza kusikia kwa shida, kwa hiyo ilibidi tupaze sauti.

Nikaanza. Nikasema mimi Wanyonyi, mkwe wako mkubwa, nilienda kliniki nikapimwa nikakataliwa kwa sababu nina minyoo. Kicheko kikapita kwenye kitenge. Nikamwashiria Kipkosgei kwa kidevu.

Kipkosgei akasema na yeye vilevile ana minyoo. Mirefu, akasema. Akasema daktari alishangaa.

Sijui nini kilinipata. Nikasikia mtu akipaza sauti kwamba yake ni ya aina mbili, na mtu huyo alikuwa mimi. Kipkosgei akasema yake ya aina tatu. Nikasema yangu niliiona kwa macho! Mchungaji akafunga Biblia. Akina mama wakashikana mabega, wengine wakakaa chini kabisa kwenye nyasi.

Tukanyamaza. Ndani kimya. Nikawaza, amekufa wakati sisi tunashindania minyoo.

Halafu nikasikia sauti ya mama mkwe, ndogo, ikisema Matthew alete maji ya kumezea.

Agneta alitoka nje, akapita mbele yangu bila neno. Akarudi. Akanirekebishia kola ya shati. Nimelia kidogo nyuma ya ghala. Jua lilikuwa kali, watu wangeweza kudhani ni jasho.

Jumatatu, 23 Juni. Kitale.

Mama amepona karibu kabisa! Anaenda chooni kama watu wengine. Anakula, anakaa kivulini, anagombana na Matthew kuhusu kuku. Kama alipata bidhaa au dawa ya kawaida hakuna anayejua, na kompyuta haisemi. Tumeshangilia nyumba nzima. Hata mimi nimecheza.

Jumatano, 2 Julai

Agneta amerudi kutoka Kibabii na ujumbe wa mama yake kwetu sisi wakwe. Amenisimulia neno kwa neno jinsi alivyoambiwa.

Mama amesema alijua tangu mwanzo kwamba tunamdanganya. Viola alikuwa ameshamwambia kwamba Kipkosgei alipita. Amesema kichwani alikuwa ameshajiaga. Lakini alipolala pale akasikia wanaume wawili wazima wakijiaibisha mbele ya kanisa zima ili yeye anywe dawa, aliona kwamba mtu mwenye watoto kama hao hana haraka ya kufa. Akasema vidonge ni vya mkwe au si vya mkwe, yeye alimeza. Mwisho akasema, "Waambie Kipkosgei na Wanyonyi, nimewashukuru, watoto wangu."

Agneta alilia akisema hivyo. Mimi pia macho yaliloa. Watoto wangu! Sijawahi kuitwa hivyo na mama yule.

Kisha nikawaza.

Kipkosgei na Wanyonyi. Kwa nini yeye kwanza? Mkubwa ni nani hapa? Halafu, kama alijua Kipkosgei alipita, basi Kipkosgei ametoka msafi, na mtu wa minyoo Bungoma nzima nimebaki mimi peke yangu. Aliyajua haya yote siku ile akikamua! Ndiyo maana alikubali haraka!

Tena Agneta amesema mama amerudisha mwili kwa sababu ya maziwa. Anakunywa asubuhi na jioni, daktari amefurahi. Maziwa ya nani? Nimeuliza. Ya Endebess. Kipkosgei anayapeleka mwenyewe.

Mimi sina ubaya na mtu. Nimemtumia Matthew ujumbe mfupi, kwa upole, nikimuuliza kama kuna mtu yeyote amewahi kupima yale maziwa.

Matthew amejibu sasa hivi. Mama amekiweka kikombe chini. Anataka kujua maziwa yana nini.

Agneta yuko nje anaanika nguo, anaimba. Nimezima simu, nikatoka kumsaidia kubana shuka kabla Viola hajampigia.