Vita vya Muhuri katika Dirisha la Tatu

Jongeeni, enyi nyote mliowahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi na fomu mkononi. Punguzeni moto wa jiko, mkalisheni mtoto mapajani, mtege masikio. Hizi ni habari za Chiu Pei-yun wa mji wa Chiayi, mwanafunzi wa masomo ya jioni, mama wa mtoto mmoja, mwepesi wa miguu na mgumu wa kukata tamaa. Na za siku ile alipoishambulia Idara ya Mambo ya Wanafunzi kwa silaha isiyo yake.

Jueni kwanza kilichogombaniwa. Pei-yun alikuwa ameacha kukaanga chapati za mayai kwenye kibanda cha kifungua kinywa, akaenda wiki nane kujifunza kazi katika kituo cha wazee cha kutwa, kama masomo yake ya ustawi wa jamii yalivyomtaka. Kituo kilimpa kila kitu isipokuwa mshahara. Kilimpa aproni, kilimpa wazee kumi na saba wa kuwapima presha, kilimpa bibi mmoja aliyemwita kila asubuhi kwa jina la binti yake aliyehamia Kanada. Na Pei-yun akaipenda kazi ile hata akawa anaiota. Lakini duka la maziwa ya unga halipokei mapenzi. Wiki ya nne akiba ilikuwa imekwisha, na mwenye kibanda alikwisha kutuma ujumbe kwamba nafasi yake ingemngoja mpaka Jumatatu, basi.

Ila chuo kilikuwa na mfuko wake, mdogo lakini wa kweli, wa kuwasaidia wanaojifunza kazi bila malipo. Mwaka huo waombaji walikuwa wachache kuliko fungu lenyewe, hivyo kila fomu iliyokamilika ililipwa. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa hiyo, na ngome ingefungwa saa kumi na moja kamili. Fomu ikipokelewa, Pei-yun angebaki na wazee wake. Isipopokelewa, Jumatatu alfajiri angekuwa mbele ya kikaango, na masomo yangesogea mwaka mzima.

Saa kumi na dakika ishirini namba yake ikaitwa. Akasonga mpaka dirisha la tatu, alikokaa Bwana Teng, mlinzi wa mistari na visanduku, mwenye miwani moja machoni na nyingine kipajini. Pei-yun akafungua kifuko chekundu, akatoa muhuri wa jina, ambao kwao kila mtu ana wake na huugonga badala ya saini, akauchovya katika wino mwekundu, akaugonga mara tatu pale palipoandikwa mwombaji, kama jemadari asimikaye bendera tatu juu ya kilima kimoja.

Bwana Teng akashusha miwani ya kipajini juu ya ile ya machoni, akasoma polepole.

"Dada," akasema, "Yeh Liang-an ni nani?"

"Mwanangu."

"Ana umri gani?"

"Miezi kumi na minne."

"Hongera. Ndiye aliyeomba msaada."

Ole wa asubuhi zenye haraka. Nyumbani mihuri ya ukoo mzima ililala katika bati moja la biskuti, kila mmoja ndani ya kifuko chekundu. Na Pei-yun, mtoto akilia begani, alikuwa ameokota ule wa Liang-an, uliochongwa alipotimiza mwezi, ambao ndani yake kimehifadhiwa kipande kikavu cha kitovu chake. Nao ulichongwa kwa herufi zile za kale ambazo nusu ya watu huzigonga maisha yao yote bila kuzisoma.

"Bwana Teng," akanena Pei-yun akijinyoosha, "mimi huyu hapa. Uso wangu huu, kitambulisho changu hiki, mikono yangu hii imenawisha wazee leo tangu saa mbili. Niruhusu nitie saini tu."

"Dada yangu, mimi nakuamini mpaka mwisho," Bwana Teng akajibu, naye akijinyoosha, maana hotuba hujibiwa kwa hotuba. "Lakini mstari wa kumi na nne unasema muhuri. Mkaguzi akija hatauangalia uso wako, atauangalia mstari wa kumi na nne. Piga mistari miwili juu ya kila kosa, gonga muhuri wako pembeni, mimi napokea. Bila hivyo, fomu hii ni ya mtoto."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu dirisha hili ni la vyumba vya bweni."

Akatoka mbio mpaka kwa mchonga mihuri mbele ya lango la chuo. Mlango umefungwa, karatasi imebandikwa: fundi yuko harusini. Ndipo Pei-yun, akihema kando ya barabara, akalazimika kumwomba msaada mtu ambaye kwa wiki nne kila jioni alikuwa akimwambia kwamba kazi isiyo na mshahara ni matembezi. Akampigia simu mama mkwe wake, Hsiu-lan.

"Mama, samahani, uko nyumbani?"

"Nitakuwa wapi, na mwanao amenikalia mguu?"

"Naomba uangalie kwenye bati la biskuti. Kuna kifuko cha muhuri wangu?"

Bati likakwaruza. "Kipo. Na wewe umo ndani."

"Nimechukua wa Liang-an."

"Umeshaugonga?"

"Mara tatu."

"Basi aanze kazi Jumatatu. Kuamka mapema anakushinda."

Pei-yun hakucheka. "Mama, nisipoupata kabla ya saa kumi na moja, narudi kibandani."

"Si ndiyo nimekwambia siku zote urudi?"

"Ndiyo, Mama."

Simu ikakatika.

Akarudi akaketi kwenye ngazi za ofisi, fomu magotini, akawatazama wenzake wakitoka mmoja mmoja na karatasi zao zilizopokelewa. Akaanza kuandika ujumbe kwa mwenye kibanda. Akaandika "Jumatatu," akaufuta, akauandika tena.

Saa kumi na dakika hamsini na tatu ikasikika honi. Akatokea Hsiu-lan wa Skuta ya Kijani, mpasua foleni, ndala miguuni, kofia ya chuma imekaa upande. Na mbele yake, katika kiti chake kidogo, Liang-an mwenyewe, amefungwa mkanda, amevaa kofia yenye macho ya chura, mtulivu kama mfalme aliyezoea vita. Skuta ikazimwa mahali pasiporuhusiwa skuta. Bibi akamkwapua mjukuu, akamweka kwapani kama mfuko wa mchele, akapanda ngazi.

"Mama, nilidhani..."

"Acha kudhani, tembea. Jumanne nilipita pale kituoni kwenu, nikachungulia dirishani. Nilitaka kuona unapotezea wapi wakati." Akahema, akapanda ngazi nyingine. "Ulikuwa unamkata kucha yule mzee mkali, yule wa duka la vyuma. Amekunyooshea mkono kama mtoto. Mimi alinifukuza dukani kwake mara mbili. Haya, shika muhuri wako."

Bwana Teng alikuwa amekwisha kufunika kalamu zake. "Dakika tatu," akasema, bila ubaya.

Pei-yun akaomba rula, akapiga mistari miwili, miwili, miwili. Akagonga muhuri. Ikatokea nusu ya jina, imefifia kama doa la chai.

"Nusu mwombaji," akasema Bwana Teng.

"Unagonga kama unambembeleza alale," akasema Hsiu-lan. Akapenyeza mkono chini ya kioo, akavuta gazeti la Bwana Teng bila kuomba, akalisukuma chini ya fomu. "Upulizie pumzi kwanza. Sasa uelemee, kama unakanda unga."

Pei-yun akapuliza, akaelemea. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Na tazama, jina lote likasimama jekundu kila mahali, kila mkia wa kila herufi mahali pake. Bwana Teng akalikagua kwa miwani yote miwili. Kisha akanyanyua muhuri wake mwenyewe, ule mkubwa wa tarehe, akaushusha, na dirisha lote likatikisika: Imepokelewa.

Na iandikwe, wenye kuandika habari za miji, kwamba saa kumi na dakika hamsini na tisa siku ya Ijumaa ngome ile ilisalimu amri, hakuna aliyejeruhiwa ila gazeti moja. Kwamba wazee kumi na saba hawakupotewa na binti yao. Na kwamba Pei-yun alifuta ujumbe wake kwa mwenye kibanda, akaandika badala yake: Asante, usiningoje.

Akageuka ili waondoke. Lakini Hsiu-lan alikuwa bado amesimama dirishani, mjukuu kwapani.

"Mwanangu," akamwambia Bwana Teng, "na bibi anayelea mjukuu kutwa nzima bila mshahara, fomu yake inatoka dirisha gani?"

Bwana Teng, mtu wa haki, akafungua droo akatafuta kwelikweli.

"Bado haijachapishwa, Mama."

"Chapisheni," akasema Hsiu-lan. "Muhuri ninao."