Nukta Yetu Imeonekana Kigali

Leo nimejiaibisha mchana kweupe, mbele ya baba yangu mzazi. Nawasimulia mwenyewe kabla Deo hajawafikishia na chumvi yake.

Mnanijua. Shule niliiacha mapema, kazi sidumu nayo, ila kitu kikiniingia kichwani hakitoki. Safari hii umeniingia mtandao wa sarafu za kidijitali. Si sarafu zenyewe (sina hata moja). Nilichopenda ni kwamba mtandao ule hauna ofisi wala mkubwa. Unashikiliwa na mashine za watu wa kawaida duniani kote, na kila mashine ina nakala nzima ya kumbukumbu. Mashine hizo huitwa nodi. Sasa kuna watu wanaokisia nodi ziko wapi: programu yao inabisha hodi kwa kila moja, inasoma anwani yake ya intaneti, inaotea nchi na mji, kisha inaweka nukta kwenye ramani ya dunia.

Kwenye ramani hiyo upande wetu ulikuwa mtupu. Nikasema nitaweka nukta.

Sababu ni Papa. Alikuwa mchungaji wa ng'ombe kule Masisi, mashariki mwa Kongo. Tulikimbia vita tukakaa kambini Kanyaruchinya, nako tukaondoka, na sasa tuko Murara, hapa Goma, kwenye chumba cha mbao. Tangu tufike hapa hatoki nje. Huuliza jambo moja tu: "Batu ba huko mbali banajua tuko hapa?" Nukta ndiyo ingekuwa jibu langu.

Deo ana kafe ya intaneti karibu na kwetu. Kwa vibarua nilivyomfanyia, akaniachia kompyuta yake kuukuu na kona ya meza. Nikawasha nodi, nikaipa jina la Bihogo, ng'ombe aliyepotea tulipokimbia, ambaye Papa alimpenda kuliko wote (na kuliko mimi, lakini tuache hayo). Leo asubuhi nikaona kwenye skrini ile programu ya wakadiriaji imebisha hodi. Nikaibusu kompyuta. Deo alikuwa ananitazama.

Mtu mwenye akili angefungua ramani kwanza. Mimi nilikimbia nyumbani.

"Papa, njoo uone. Tuko kwenye ramani ya dunia."

Akaomba koti lake.

Papa kutoka nje ni habari, basi majirani wakatufuata. Mama Neema aliacha makaa anayouza bila mwangalizi. Tulipofika kwa Deo, Papa akapewa kiti mbele ya kompyuta, nami nikaanza kuhutubia (hapa ndipo ningepaswa kunyamaza).

"Papa, ni kama mutu asimame mulima mwingine, kuko ukungu, akisie ng'ombe ya kila mutu iko wapi kwa kusikia inavyolia."

"Atakosea," Papa akasema.

"Kidogo tu, Papa."

Nikafungua ramani. Nikaivuta karibu. Goma, hakuna kitu. Masisi, hakuna kitu. Nikatafuta hadi ziwani, kwa aibu. Ndipo Deo akaweka kidole kwenye skrini, ng'ambo ya mpaka, Kigali. Nukta mpya. Bihogo.

"Kumbe muko Kigali," Mama Neema akasema. "Mulivuka lini bila kutuaga?"

Kafe nzima ikacheka. Nikamwambia Deo mashine yake mbovu.

"Mashine iko muzima," akasema. "Ile sahani ya kwenye paa, nani aligeuza?"

Mimi. Laini ya upande wetu inakatika ovyo, kwa hiyo wengi hapa wanavuta intaneti ya Rwanda. Nilipanda paani kwa miguu yangu, nikaielekeza sahani Gisenyi, mji wa kwanza ng'ambo ya mpaka, nikashuka nikijisifu. Anwani ya intaneti ni ya kule, na kampuni yake iko Kigali. Wakadiriaji hawakukosea, wangewezaje kujua?

Papa alikuwa bado anaitazama nukta.

"Unaweza kumurudisha?"

Alikuwa anamuulizia Bihogo.

"Hapana, Papa. Si kwa laini hii."

Akaigusa nukta taratibu, kama mtu anayepapasa shingo ya mnyama.

"Naye alikimbia," akasema. "Afazali. Huko iko majani."

Mama Neema alijifanya anakumbuka makaa yake. Papa akafunga vifungo vya koti, nikamshika mkono, tukarudi. Njiani hakuniuliza lile swali lake, na nilikuwa nimejiandaa kumpa jibu lolote, hata la uongo.

Ameingia kitandani na koti lake. Nodi nimeiacha inawaka.

Basi mkitaka kucheka, chekeni kimyakimya, maana kuta zetu ni mbao. Na kama kuna kati yenu anayewafahamu hao wanaohesabu dunia, amwombe mmoja atuongezee nukta kwa mkono.