Mtani Wangu, Mwenyekiti wa Usaili

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Nimeitwa! Jina langu limo: Sixbert, Mhandisi wa Elektroniki Daraja la Pili, mifumo ya kuendesha mitambo, pampu za maji. Kazi ya serikali. Mchujo, ule mtihani wa karatasi, nimeshapita. Umebaki usaili wa vitendo, Alhamisi ya wiki ijayo, hapahapa Tabora, halafu mahojiano. Nafasi ni moja. Yaani yangu.

Mama mdogo Advera, ambaye naishi kwake hapa Ipuli tangu nimalize chuo, alipiga kigelegele. Kisha akanikumbusha kwamba mjomba Raymundi wa Puge ameshanitengea majaruba ya mpunga. Nikikosa safari hii, nakwenda kulima. Jembe limeshatiwa mpini. Ameliegemeza mlangoni kwangu, eti nilizoee.

Habari mbaya: Najiat naye ameitwa. Ni binti wa Mzee Shomari, seremala, tunapakana ukuta. Tumesoma darasa moja chuoni. Jioni nilimkuta kibarazani kwao kazungukwa na vitabu, nikampa pole. Akaniuliza mimi nasoma nini. Nikamjibu kwamba mtu akishajua hasomi tena, anakumbuka tu. Akasema haya, mhandisi, kumbuka.

Niseme kweli, maana humu hasomi mtu. Kazi hii naitaka mno. Naipenda ile sauti ya rilei, swichi ndogo ya umeme, inaposhika, tk, na mota kubwa kule mbali inatii. Hakuna kitu kingine duniani kilichowahi kunitii.

Jumatano, 6 Novemba

Mazoezi ya vitendo. Nimemfungia Mama mdogo pampu inayojiendesha. Ndani ya tangi naweka swichi ya boya: maji yakipungua boya linashuka, pampu inawaka; yakijaa boya linapanda, pampu inazima. Kazi ndogo. Nilimaliza kabla ya chakula cha mchana. Sikuijaribu. Kujaribu ni kujitilia shaka.

Tukaenda sala ya jumuiya. Tuliporudi, tangi linafurika na pampu inaunguruma kwa furaha. Kumbe nimegeuza: inawaka maji yakijaa. Maji yalikuwa yamepita chini ya ukuta mpaka karakana ya Mzee Shomari, na mlango wa msikiti alioumaliza jana umevimba, hauingii tena kwenye fremu yake.

Nilimwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, bila kufoka, na hapo ndipo paliponiuma. Akauliza kwa upole kama mhandisi anaweza kuunda pampu ya kunyonya maji kwenye mbao. Najiat alichungulia juu ya ukuta akasema nimegeuza waya za boya. Nilishajua. Nilikuwa karibu kusema.

Mama mdogo anasema nifungue vitabu. Sitafungua. Tatizo si elimu. Tatizo sijui nani anasahihisha.

Ijumaa, 8 Novemba

Sasa najua!

Binamu yangu Kornel anakaa mapokezi kwenye nyumba ya wageni watakayofikia wasahihishaji. Vyumba vimeshawekwa. Mwenyekiti anaitwa Mhandisi Pazi, mzaliwa wa Kisarawe.

Pazi. Kisarawe. Mzaramo! Nilirukaruka pale mapokezi mpaka mgeni mmoja akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Mimi Mnyamwezi. Babu zetu walibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani, wakapita kwa Wazaramo, wakagombana nao, wakazikana nao, wakaishia kuwa watani. Mtani humwita mwenzake mtumwa, huchukua kofia yake, hula ugali wake, na mwenyewe hana ruhusa ya kununa. Sasa mwenyekiti asiyeruhusiwa kuninunia ataninyimaje alama?

Nimemweleza Mama mdogo. Kasema utani una mahali pake, msibani na harusini, na hajawahi kuusikia kwenye usaili. Nikamwambia ndiyo maana hakuna aliyewahi kufaulu namna nitakavyofaulu mimi.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya misa nimepiga baiskeli mpaka Kwihara kutafuta asali. Mtani haendi kwa mtani mikono mitupu. Mfugaji nyuki aliniambia nisubiri kwake, pale karibu na njia wanayopita watalii wa kwenda kwenye lile tembe la makumbusho. Sikusubiri. Nilitaka kujionea mzinga. Nyuki wakanionea mimi. Mdomo wa chini umevimba mpaka sioni kidevu.

Asali nimepata, dumu zima. Najiat alinikuta langoni akaniuliza ni ya nani. Nikasema ya mwenyekiti. Akasema hiyo ni rushwa. Nikamweleza kwamba rushwa hutolewa kwa siri, utani hutolewa kwa matusi. Kwa mdomo ule sidhani alinielewa. Aliniuliza tena kama nimesoma. Wivu huo.

Alhamisi, 14 Novemba

Siku kubwa. Naandika kwa shida, mabega yananiuma. Nitaeleza.

Ukumbini kila msailiwa alipewa meza yake. Juu ya meza kuna paneli na ndani yake kontrola, kile kisanduku kinachoiambia mota iwake lini na izimike lini, pamoja na pampu ndogo, boya na ndoo mbili. Kazi: funga waya, ipe kontrola maagizo, ndoo ya juu ijae na pampu izime yenyewe. Boya! Nusura nicheke. Kitu nilichokwisha kukosea nyumbani, nitakikosea tena vipi?

Mhandisi Pazi alisoma masharti. Mtu mnene, tai nyekundu. Alipomaliza nilisimama, dumu mkononi, nikauliza kwa sauti ni nani aliyemfungua kamba huyu mtumwa wangu leo mpaka akajivika tai.

Najiat alifunika uso.

Mwenyekiti aliniuliza kabila langu. Nikamtajia. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akacheka mpaka akashika meza. Alisema yuko Tabora tangu Jumatatu na alishaanza kudhani Wanyamwezi wamekwisha. Halafu akasema saa imeanza kuhesabu kwa wote, na kama mimi nina muda wa utani, yeye anao mwingi zaidi. Nikamkonyeza. Tumeelewana.

Akauliza mizigo iliyobaki nje ataibeba nani, naye amezungukwa na wajukuu wa wabeba mizigo? Huyo ni Mzaramo anamwambia Mnyamwezi habari ya mizigo, mbele ya watu! Ningekataa ningekuwa nimeshindwa. Nilibeba betri. Nilibeba jenereta. Nilibeba maji ya ndoo za wasailiwa wote, na ya Najiat nikamwekea chini ya meza yake mwenyewe. Alisema asante bila kuinua macho kwenye waya zake. Kila nikitua mzigo mwenyekiti ananipa kejeli, nami namrudishia kubwa zaidi. Nilimwambia kwao wanauza mpaka kivuli cha mnazi. Alicheka. Nikahesabu hiyo kama alama.

Msahihishaji mwingine, mama mmoja mpole, alikuja mezani kwangu akauliza kama nitaifungua paneli. Akaja tena. Mara ya mwisho alinishika mkono kabisa, akasema mwanangu, muda unakwenda. Nikamtuliza. Muda ulikuwa wa wale wasio na watani.

Mwishoni nikaona nifunge kidogo, kwa heshima ya taaluma. Mikono imechoka kwa kubeba jenereta. Lakini waya za boya nilizikumbuka! Nilizifunga sawasawa kabisa. Nilisahau za pampu.

Filimbi. Ndoo ya Najiat imejaa, pampu imezima, kimya. Yangu kavu.

Mwenyekiti alilikamata dumu, akatangaza kwamba asali hii ni fidia ya miguu ya babu yake waliyoikanyaga babu zangu, kisha akaimimina kwenye sahani na wasailiwa wote wakachovya mkate. Najiat alichovya sana. Mimi nikaamriwa kuosha vikombe. Nikaviosha huku nikiimba.

Nimempendeza mno. Nimemwambia Mama mdogo aliondoe jembe mlangoni.

Ijumaa, 15 Novemba

Sijapita.

Wanaoitwa kwenye mahojiano wamebandikwa. Najiat yumo. Mbele ya jina langu pameandikwa hakufaulu. Nilisoma kutoka juu kwenda chini, na kutoka chini kwenda juu.

Nilikimbia mpaka nyumba ya wageni. Mhandisi Pazi anakunywa supu na chapati. Nikamwambia mtani, kuna makosa. Akasema hakuna. Utani niliuanza mwenyewe, ndani ya muda niliopewa, na alama wanaweka watu watatu, kila mtu kwa kalamu yake. Nikasema utani ni haki yangu. Akakubali kabisa. Kwa hiyo, akasema, huna ruhusa ya kununa. Halafu akauliza nyumbani ni wapi.

Nilimwelekeza. Nilidhani atanitumia barua.

Jumamosi, 16 Novemba

Hakutuma barua. Amekuja mwenyewe.

Kaingia langoni kavaa koti ndani nje, ndoo kichwani, analia kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Amekufa, amekufa mhandisi wetu wa Ipuli, nani sasa atatufurikia maji? Habari ya tangi kaambiwa na Kornel, nitamshughulikia. Majirani wakatoka. Mwenyekiti akapita moja kwa moja chumbani kwangu, akalala kitandani na viatu vyake, akajifunika shuka langu gubigubi, akasema yeye ndiye maiti na haondoki mpaka alishwe. Mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Mzee Shomari naye, ambaye mlango wake haujakauka bado, alisimama dirishani akiuliza vipimo vya jeneza.

Nami sikuruhusiwa kununa.

Kuku akachinjwa, maiti akafufuka, akala mapaja yote mawili. Lakini wakati wa kuaga alinivuta pembeni, koti kaligeuza sawa, na sauti si ileile. Alisema matokeo ya karatasi yangu ya mchujo aliyaona. Nilikuwa wa kwanza. Najiat wa pili, kwa mbali. Ningekaa mezani kwangu nikafunga waya kama wengine, asingekuwepo wa kunishinda. Akataka kujua nilisomaje.

Nikamwambia sikufanya chochote. Wiki zile niliugua malaria. Nilishindwa kutoka kutafuta mipango, na kando ya kitanda palikuwa na vitabu tu, nikavisoma.

Akasema pole, na hii siyo ya utani. Akapanda bajaji akaondoka.

Nimelia. Nimejifunika lile shuka alilolalia nikalia hasa. Mama mdogo hakuingia. Alifungua mlango kidogo, akasukuma sahani ya wali ndani, akafunga. Jembe liko pale pale.

Jumanne, 26 Novemba

Puge. Mgongo si wangu tena. Mjomba Raymundi haongei, analima tu, na ukisimama kupumzika anakohoa.

Lakini mambo yamebadilika. Nilikuwa nimeomba pia nafasi ya Dodoma, kazi ileile, mchujo uleule mmoja. Nimeitwa! Usaili wa vitendo Jumatatu ijayo. Mjomba amenipa ruhusa. Amesema kwa namna ninavyolima, nchi itanufaika zaidi nikiwa kwenye umeme.

Najiat amepita mahojiano. Kanipigia mwenyewe kunieleza, na bila kunicheka, jambo lililonitia wasiwasi. Kisha leo basi la Tabora limeniletea mzigo kutoka kwake: kontrola yake aliyojifunzia, na waya zake, na boya. Kaniagiza nifunge, nifungue, nirudie, mpaka mikono ijue yenyewe bila kuulizwa. Amesema kila mtu darasani alijua mimi ndiye nilikuwa na kichwa. Sikujua kwamba walijua. Nilikaa nayo mapajani muda mrefu. Niliwasha, rilei ikashika, tk. Moyo ukanijaa.

Nikatulia nikafikiri kosa langu lilikuwa nini hasa. Safari hii sikutaka kujidanganya. Nimerudi nyuma hatua kwa hatua na nimeliona, liko wazi, nashangaa sikuliona mapema: nilipeleka asali. Asali inagawika. Ukumbi mzima ulichovya, na mwenyekiti akabaki na kijiko kimoja.

Kornel ana rafiki mapokezi Dodoma. Mwenyekiti wa kule ni Mgogo. Wagogo nao ni watani zetu, njia ile ile ya babu. Na Mgogo ni mtu wa mifugo.

Mwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Puge anahangaika na mota yake. Nimempa kontrola ya Najiat na waya zote, na boya juu. Yeye kanipa mbuzi dume, mnono, ana ndevu. Hawezi kugawika ukumbini.

Nimemuuliza kondakta wa basi la Dodoma kama mbuzi anaruhusiwa kukaa ndani. Amesema atamuuliza dereva.