Mbuzi wa Kiamaiko na Sigara Yangu

Leo mbuzi amenishinda mbio. Mbuzi kabisa, mwenye ndevu. Nawaambia mapema kabla hamjasikia kwa watu wa Mowlem, maana wao watatia chumvi, na kisa hiki hakihitaji chumvi.

Kwanza mnijue. Nina miaka miwili nikipiga chuma katika jimu moja ya mabati hapa Mowlem, ile ambayo vyuma vyake ni saruji iliyomwagwa kwenye mikebe ya rangi. Mikono ipo. Kifua kipo. (Cha nje. Cha ndani tutakifikia.) Na navuta sigara. Kocha wetu, Odhiambo, amenisema hadi amechoka. Mwezi uliopita nilimwuliza kwa nini wale tulioanza pamoja wamejaa misuli na mimi nimekwama palepale. Akaniuliza nikimaliza mazoezi huwa naenda wapi. Nikamwambia huwa nafika nyuma ya choo mara moja.

"Misuli inataka hewa, na hewa inabebwa na damu," akaniambia. "Sasa hewa yako ikifika kwa damu inapata moshi umekalia kiti. Itakaa wapi? Na hiyo nikotini inafinya mishipa. Unainua chuma mchana, misuli inalala njaa."

Nikamletea ubishi. Nilikuwa nimetazama video ya jamaa mmoja mwenye mikono minene akisema nikotini huamsha mwili kabla ya kunyanyua. Odhiambo akasema ni kweli, huamsha moyo ukapiga mbio hata umeketi, halafu mbio zenyewe zikianza unakuta umeshachoka. Nikaona ni wivu tu. (Mtu mwenye mapafu mawili mazima, eti ananionea mimi wivu.)

Sasa, mpenzi wangu anaitwa Wambui. Yeye aliniambia zamani kwamba hataki mume anayenuka moshi, na kwamba babake hataki hata kusikia habari za mvutaji. Januari nikamwapia kwamba nimeacha. Tangu hapo naishi kwa peremende. Kilichobaki kilikuwa babake atoe siku niwapeleke wazee wangu kwao tuanze mambo ya mahari, na aliahidi kuitoa leo, tukila mbuzi.

Lakini mbuzi kwanza anunuliwe. Mzee ni seremala mstaafu, anakaa Kariobangi, na hali mbuzi aliyechinjwa na mtu mwingine. Lazima amchague mwenyewe akiwa hai, amtembeze hadi nyumbani, amchinje kwa kisu chake. Asubuhi akamwambia Wambui amwite yule kijana wake wa misuli aje kusaidia kuvuta kamba. Nikavaa fulana ya kubana. Sikuvuta hata moja, nikiogopa harufu, kwa hivyo tulipofika soko la mbuzi la Kiamaiko nilikuwa nimeshapapasa pakiti mfukoni mara kumi.

Mzee alikagua mbuzi kama anavyokagua mbao. Anapapasa mgongo, anafungua mdomo, anatikisa kichwa, anaenda kwa mwingine. Mwishowe akampata mmoja mweupe, mnene, mwenye ndevu. Akanikabidhi kamba, akaingia kibandani kunywa chai na muuzaji, maana wamejuana miaka mingi.

Dakika tano tu, nikajiambia. Nikamvuta mbuzi nyuma ya pikapu iliyoegeshwa, nikatoa sigara. Upepo ulikuwa unazima kiberiti, nikahitaji mikono yote miwili. Basi nikaikanyaga kamba. (Miaka miwili jimu, na mbuzi namfunga kwa kiatu!) Kiberiti kikashika. Nikavuta ile ya kwanza mpaka ikafika kwenye visigino, nikapuliza moshi bila kuangalia. Ukamwendea mbuzi usoni. Akapiga chafya, akaruka, kamba ikachomoka, akaenda zake.

Nikamfuata. Hatua za kwanza, jamani, mngejivunia kunijua. Wachinjaji waliosimama milangoni mwa machinjio wakaanza kunishangilia, "Msee wa jimu, mshike!" Nikatanua kifua. Tulipofika kona ya kwanza, kifua kikaanza kupiga mluzi. Mapaja yakawaka moto. Mbuzi akageuka, akanitazama, akapunguza mwendo, nadhani kwa huruma. Na mimi nikapunguza, nikitaka watu waone ni hiari yangu. Halafu nikashika nguzo ya stima nikakohoa hadi machozi yakanitoka, na mbuzi amesimama pale mbele anakula kabeji ya mama mboga. Nikimsogelea hatua moja, anasogea hatua moja. Mama mboga akaniuliza kama nimebeba dawa yangu ya pumu. Nikaketi juu ya mtungi wake wa maji.

Ndipo mzee akanipita. Ana miaka sabini kasoro, amevaa koti na gambuti, anakimbia taratibu, mwendo uleule mmoja. Hakunitazama. Akamzunguka mbuzi, akamdaka mguu wa nyuma, akajizungushia kamba mkononi mara mbili, akarudi naye mpaka nilipoketi. Hakuwa anahema. Wachinjaji nao walikuwa wameshafika kuangalia.

Mzee akatazama mkono wangu. Na mimi nikautazama. Sigara ilikuwa bado iko katikati ya vidole. Nimekimbia nayo njia nzima.

"Kijana," akasema, "hata sigara haijazimika. Kwani ulikuwa unakimbia ama ulikuwa unatembea?"

Kuna mchinjaji alilazimika kuweka kisu chini acheke vizuri.

Tukarudi Kariobangi, mzee mbele na mbuzi, mimi nyuma nimebeba koti lake. (Ndiyo kazi niliyopewa. Koti.) Wambui alikuwa mlangoni. Pua yake ilimwambia kila kitu.

"Si ulisema uliacha Januari?"

"Niliacha."

"Ukarudia lini?"

"Januari."

Hakucheka. Macho yalimjaa maji, akaingia ndani, na hapo nikaona aibu ambayo kule sokoni sikuwa nimeiona. Wale wachinjaji huenda nisikutane nao tena. Yeye nilimdanganya usoni kila siku, peremende mdomoni.

Mzee alimchinja mbuzi, tukala. Nilijua mambo yangu yameisha. Mzee akamaliza mfupa wake, akanawa mikono, akasema niwalete wazee wangu Agosti. Nikaanza kumshukuru, akaninyamazisha kwa kidole.

"Ukileta mbuzi za mahari, tutazifungua kamba hapo barabarani. Zile utashika wewe mwenyewe ndio nitahesabu."

Na Wambui, ambaye hakuwa amenisemesha tangu mchana, akasema polepole, "Baba, aambiwe alete zile changa. Ndio ziko na mbio."

Basi tafadhali msicheke. Ila kama kuna mtu anafuga mbuzi wazee, wenye pumu, anitumie ujumbe.