Winga Wangu na Mpira wa Bukta

Jumatatu, 3 Machi

Fainali ni Jumamosi. Na mimi nimo! Jezi ninayo, imeshonwa mgongoni jina langu la uwanjani: UMEME. Leo nimeivaa kazini chini ya shati. Bosi kauliza mbona nimenenepa ghafla. Nimemwambia ni afya.

Timu yetu ya gemu ya mpira ni watu watatu. Kila mmoja ana mchezaji wake mmoja mle ndani. Wangu ni winga wa kulia. Kapteni ni fundi cherehani, mama mzima, tunamwita Sindano, hasemi neno mara mbili. Wa tatu ni kinyozi, yeye ni kipa na hana makuu. Benchini yuko shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Huyo ananinyatia kama paka aliyesikia harufu ya samaki. Nikishika padi ya kuchezea, anatazama vidole vyangu.

Jioni Sindano katuma ujumbe kwenye kundi la simu. Kila asubuhi, robo saa, uwanja wa mazoezi wa gemu, bila kukosa. "Tunajenga mazoea." Nimecheka hadi nikapaliwa. Kushona anajua, kuandika hajui! Nikamsahihisha palepale mbele ya wote: mazoezi. Kajibu kwamba ameandika alichokusudia, na kwamba nisome maelezo ya toleo jipya la gemu. Maelezo! Mwenye kipaji hasomi maelezo.

Kukwepa hakuna. Nukta ya kijani huwaka kwenye jina la aliye uwanjani, wote wanaiona. Ukikosa asubuhi moja, benchi. Shemeji kajibu kwa kidole gumba. Mnafiki.

Nimeapa. Kesho naamka kabla ya jua. Mtu mpya!

Jumanne, 4 Machi

Nimeamshwa na jua lenyewe, usoni. Kengele niliizima usingizini. Mkono wangu mwenyewe, msaliti! Nikakimbilia sebuleni, nikawasha gemu asubuhi ikiwa bado inaitwa asubuhi. Koni, pasi. Koni, pasi. Hakuna mashabiki, hakuna goli, hakuna wa kukupigia makofi. Nikapiga miayo hadi taya ikalia. Robo saa haikuisha, nikazima.

Sindano kanipigia. Hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha. Kasema shemeji alikuwa uwanjani tangu alfajiri. Kasema anayeitaka nafasi yangu hana haja ya kunisukuma, angoje tu nilale. Hii ni mara ya mwisho, kasema.

Nimeogopa, sifichi. Nikitoka kwenye timu hii mimi ni nani? Mtu wa kutoa kopi za vitambulisho vya wenzake. Kutwa nzima nawatoa watu wawili wawili, na mimi mmoja sionekani.

Nilikuwa nafunga bunda la karatasi kwa mpira wa kufungia wazo liliponishukia. Mpira! Ukikivuta kijiti cha kushoto cha padi kwa mpira na kukifunga, winga anakimbia. Akikimbia, nukta inawaka. Nukta ikiwaka, Umeme yuko mazoezini. Na mimi niko kitandani. Akili ni mali!

Jumatano, 5 Machi

Mpira wa ofisini umekatika alfajiri, ukanichapa jicho. Mwingine sina. Jasho likanitoka. Nukta ya shemeji inawaka, ya kinyozi inawaka, yangu giza. Nikavua bukta, nikachomoa mpira wake wa kiunoni, nikafunga. Umekaa! Mpira wa miguu unaendeshwa na mpira wa bukta. Watu wamepewa tuzo kwa madogo zaidi.

Kasoro ndogo: kijiti kimeinama kidogo kulia, kwa hiyo winga hakimbii moja kwa moja. Anazunguka. Duara moja pembeni mwa uwanja, karibu na bendera ya kona, anazunguka tu. Haidhuru. Mbio ni mbio.

Nikaona hata robo saa ni uchoyo. Nikamwacha azunguke kutwa nzima. Wajue nani ana nidhamu hapa!

Mke wangu kabla ya kwenda zamu kauliza bukta imepatwa na nini. Nimesema nimepungua. Kasema juzi bosi kaniona nimenenepa.

Tatizo ni mama mkwe. Anaishi nasi tangu mwezi uliopita, na kiti chake kinaitazama televisheni. Siwezi kumwambia asogee, mama mkwe ni mama mkwe. Niliporudi kutoka kazini nimemkuta anamtazama winga kwa huruma. Kaniuliza, baba, huyu kijana kapotelewa na nini?

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya! Shemeji kaja kumsalimia mama yake. Winga alikuwa katikati ya duara. Nikatupa kitambaa cha meza juu ya televisheni, nikamfungulia mlango, nikasema kioo kimeharibika, mwanga unamuumiza mama.

Kumbe sauti nimeisahau. Chini ya kitambaa: tap, tap, tap, na mtu anahema. Shemeji kauliza nini hicho. Nimesema moyo wangu, nina wasiwasi wa fainali. Hapo mama mkwe akafungua kinywa. Nikajua nimekwisha. Akasema ni yule kijana, tangu jana anazunguka mle ndani, maskini, hata maji hapewi.

Shemeji kamtazama mama yake. Kanitazama mimi. Kisha akaninong'oneza, macho yamelowa, kwamba mama ameanza kuchanganyikiwa na tumpeleke hospitali. Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Nimeona haya, Mungu ananijua. Mama wa watu ana akili kuliko sisi sote. Nitatubu baada ya fainali.

Akiondoka, kauliza kama nimeyasoma yale maelezo ya gemu, maana kuna jambo humo. Nimemwambia ashughulike na benchi lake.

Ijumaa, 7 Machi

Jina langu liko juu kabisa kwenye orodha ya saa za mazoezi. Juu ya Sindano!

Kaniandikia, si kwenye kundi, mimi peke yangu. Kasema alikuwa amekata tamaa na mimi. Kasema ameona nimebadilika, na kesho anafunga duka, jambo ambalo hafanyi hata akiumwa. Mpira wa mwisho, kasema, ataupeleka upande wangu bila kutazama.

Nimeusoma ujumbe nimesimama, kisha nimekaa. Nikawaza kumwambia ukweli. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika "Niamini."

Jumamosi, 8 Machi

Siwezi kuandika. Naandika.

Ukumbi ulijaa. Mbili kwa mbili, dakika za mwisho. Nilicheza vizuri, wallahi, goli moja lilikuwa langu. Lakini viganja vilikuwa maji matupu, padi inateleza. Mpira uko kwa Sindano. Nikaiachia padi mara moja tu, nijifute kwenye suruali.

Winga akageuka. Akaliacha goli, akaenda zake karibu na bendera ya kona, akaanza kuzunguka.

Sindano tayari alikuwa amepiga pasi, bila kutazama. Mpira ukapita pale ambapo winga yeyote mwenye akili angekuwepo. Adui akauokota. Kinyozi aliruka. Haikusaidia. Tatu kwa mbili, filimbi.

Ukumbi mzima ulikuwa unamcheka winga wangu. Filimbi imepigwa, yeye bado anazunguka!

Sindano akafungua ukurasa wa mchezaji wangu kwenye kioo kikubwa. Kumbe ndilo lililokuwa kwenye maelezo: katika toleo hili, mchezaji hujifunza kwa anayemchezesha mazoezini, na ukiiachia padi anafanya alichozoea. Palikuwa na mstari mmoja tu. Mazoea: kuzunguka.

Kauliza nilifanya nini. Nikasema gemu ni mbovu. Shemeji akaniangalia, akaangalia chini. Nadhani amekumbuka maneno ya mama yake.

Sindano hakupaza sauti. Akaniomba jezi. Akatoa kimkasi mkobani, akakaa palepale kwenye ngazi za ukumbi, akafumua jina langu, herufi moja baada ya nyingine, taratibu, asiitoboe nguo. Akampa shemeji. Nimerudi nyumbani na shati tupu. Nimelia bafuni, bomba likiwa wazi.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda dukani kwake asubuhi na mapema. Nimemwambia yote, mpira, bukta, mama wa watu. Nimesema nimekosa. Alimalizia kwanza upindo aliokuwa anashona. Kisha kasema nafasi ya benchi iko wazi. Nianze na mchezaji mpya, mtupu, asiyejua kitu. Robo saa kila asubuhi. Kwa vidole vya mtu, kasema, si kwa mpira.

Nimemshukuru hadi nimemkanyaga mguu. Nimeapa kwa moyo wangu wote. Njia nzima nimerudi mwepesi. Nimejifunza! Mpira ulikuwa kosa kubwa. Mpira hauna akili.

Mama mkwe ana vidole vigumu, hasa asubuhi. Nimemweleza kwa heshima zote kwamba kubonyeza vitufe vya padi kila alfajiri kunalainisha viungo. Kauliza nani kasema. Nimesema daktari bingwa. Kanibariki. Jioni kajaribu kidogo, ana mkono mzuri sana. Ila kila mchezaji akimjia mbio anampa mpira, hata wa upande wa pili, anasema kijana kaomba kwa adabu.

Hilo dogo, nitalirekebisha baadaye. Yeye huamka mwenyewe kabla ya jua. Kengele yangu nimeizima.