Salamu Zilizokwamisha Mnyororo wa Simu

Kwa Ndugu Afisa wa Dharura,
Ubalozini.

Ndugu Afisa,

Natumaini hujambo, pamoja na wenzako hapo ofisini na yule dada wa mapokezi mwenye sauti ya upole. Sisi tu wazima, mtoto ameota jino la pili. Nimeanza na salamu makusudi, maana ndizo zilizoniponza.

Nimepata barua yako kuhusu lile jaribio la dharura. Unasema mnyororo wa simu wa raia tunaoishi ugenini ulikatikia kwangu. Ni kweli kinyozi alinipigia asubuhi, nami nikampigia mama fundi cherehani, ambaye alitakiwa ampigie dereva wa lori. Dereva alipata habari jioni, mafuriko yenu ya kujifanya yameshakauka. Kwa hiyo mnanitoa kwenye mnyororo, niwe naletewa ujumbe wa mashine. Kwa heshima zote, nina malalamiko.

1. Maelekezo yanasema mtu apige, aseme "Dharura, toka nje," akate. Ndugu Afisa, sijawahi kuonana na mama fundi ingawa anakaa mtaa wa nyuma, lakini kwa sauti tu ni mkubwa kuliko mama yangu. Nimwambie atoke nje kama kuku aliyeingia jikoni? Nilimwamkia. Akauliza hali, nikasema hatujambo. Sasa ukishasema hamjambo, mafuriko unayaingizia wapi?

2. Nilijitahidi kuyaingiza. Kila nikifungua mdomo, yeye yuko kwenye jambo jingine. Akauliza kama nakula vizuri, kwa kuwa nanyonyesha. Nikamwambia mchana huwa nakula nimesimama, mtoto mgongoni. Akasema, "Mwanangu, kaa kitini sasa hivi, nisikie unatafuna." Nikakaa, nikatafuna. Mume wangu anashinda kazini ghalani, na tangu tuhamie huku hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza nimekula nini. Wewe umeandika "uzembe".

3. Kinyozi naye alinieleza habari za goti lake mpaka chai ikapoa. Sikumshtaki, na hapa pia simshtaki, nataja tu.

4. Kama salamu zinakula muda wa dharura, basi zitolewe mapema. Ubalozi utuamuru tupigiane kila asubuhi, tumalize mambo ya meno na magoti, ili siku ya hatari kusibaki cha kuulizana. Jioni turudie, maana mchana nao huwa na habari zake. Mama fundi apewe Jumapili nzima. Na zimamoto wa nchi hii waandikiwe barua rasmi kwamba raia wetu huokolewa baada ya kuamkiana, wasiwavute watu mikono wakiwa bado kwenye habari za watoto.

5. Huo ujumbe wa mashine nimeusikiliza. Unasema nibonyeze moja kama niko salama, mbili kama nahitaji msaada. Hakuna namba ya mtu aliye salama ila tangu asubuhi hajaongea na mtu mzima.

Naomba mniache kwenye mnyororo. Nitajirekebisha kwa mengine yote.

Nisalimie dada wa mapokezi, mlinzi aliyenishikia mtoto siku ya pasipoti, na Balozi mwenyewe kama huwa mnaamkiana.

Wako niliye tayari,
Mama wa ghorofa ya tatu

Nyongeza: Barua ikiwa mezani nikitafuta gundi, bomba la gesi lilipasuka mtaa wa nyuma. Niliwaona zimamoto dirishani wakifunga barabara. Nikampigia mama fundi, nikasema, "Gesi, mama, toka nje," nikakata. Shikamoo sikuikumbuka. Alitoka, akampigia dereva, ambaye nasikia hakupewa hata haloo. Wote wazima, kwa hiyo maelekezo yenu yanafanya kazi na hoja zangu zote unaweza kuzifuta, isipokuwa ombi. Nilimbeba mtoto nikashuka hadi mahali tulipopangiwa na maelekezo yenu kukutana, kwenye maegesho nyuma ya duka la dobi. Akaja mama mmoja mfupi, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, amenuna. Nikamwamkia. Alimpokea mtoto kwanza, akamkagua fizi, ndipo akasema, "Marahaba. Haya, umekula?"